Ndoo ya Bi Nyuzi

Mwaka wa kwanza baada ya kuhamia mtaa ule, majirani walikuwa wakimletea suruali. Walisikia kwamba anafanya kazi ya nyuzi kule kwenye mitambo ya umeme, wakaona hapo hapana tena cha kuuliza: mwenye nyuzi hakosi sindano. Jioni alirudi goti linamuuma, akakuta mlangoni kaptula mbili za shule na gauni lililofumuka kwapani. Mwanzoni alieleza. Alisema nyuzi zake ni za joto, za kupimia maji, wala hazipiti kwenye tundu la sindano. Watu wakaitikia kwa adabu, na kesho yake wakaleta pazia. Mwishowe akanunua sindano, maana kushona kulikuwa rahisi kuliko kueleza, na jina la Bi Nyuzi likamganda mpaka mdogo wake wa tumbo moja akawa anamwita hivyo akitaka kumchokoza.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mitambo ya kufua umeme hupata joto kali, na ili isiungue ilikuwa ikivuta maji ya mto kwa mabomba mapana. Maji yalipita ndani, yakabeba lile joto, kisha yakarudishwa mtoni kwa mfereji wa zege uliomwaga upande wa chini, karibu na kona. Yaliingia baridi, yakatoka moto. Kibali cha mitambo kilisema yanapotoka yasizidi nyuzi thelathini na tano. Lazima awepo mtu wa kuhakikisha jambo hilo kila siku saa nne asubuhi, na kwa miaka kumi na tisa mtu huyo alikuwa Bi Nyuzi.

Alishuka ngazi tisini na mbili mpaka mdomoni mwa mfereji, akainama, akachota maji kwa ndoo ndogo ya bati, ile ya lita nne. Akapanda ngazi zilezile tisini na mbili. Juu palikuwa na geti, na getini palikuwa na mlinzi ambaye kila siku alimwandika kwenye daftari lake kana kwamba hajapata kumwona: ametoka saa ngapi, amerudi saa ngapi, amebeba nini. "Maji," alisema Bi Nyuzi. "Maji," aliandika mlinzi, pole pole, maana alipenda mwandiko wake. Baada ya geti palikuwa na uwanja mpana usio na kivuli, halafu ukumbi mrefu, halafu ofisi, na ofisini, ukutani, kipimajoto kikining'inia kwa mnyororo.

Mnyororo ule ulikuwa na historia yake. Mpimaji aliyemtangulia alikiangusha kipimajoto mferejini, kikaenda na maji, na msimamizi wa wakati huo akapandisha hasira akabandika karatasi: KIPIMAJOTO HAKITOKI OFISINI. Msimamizi yule alikwishastaafu, akafa, akazikwa. Karatasi ikabaki. Ilipofifia, Bi Nyuzi mwenyewe aliinakili upya kwa kalamu ya wino mzito, akaibandika palepale. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Alikuwa mtu wa aina hiyo, ambaye ukimpa amri anaifulia na kuipigia pasi.

Basi alitumbukiza kipimajoto ndooni, akahesabu mpaka mia moja na ishirini kwa kunong'ona, akasoma, akaandika. Thelathini na tatu. Thelathini na mbili na nusu. Thelathini na tatu. Hakukosa hata siku moja. Alipofiwa na mumewe alichota maji asubuhi, akaandika, ndipo akaenda kuzika. Kitabu kikijaa alikivika karatasi ya kaki na kukipanga kabatini, na mwaka wa kumi alipewa cheti cha umakini kazini, akakitundika sebuleni juu ya redio. Wageni walikisoma wakiwa wamesimama.

Sasa sikiliza jinsi mambo yalivyoharibika, maana hayakuharibika siku moja.

Mwaka wake wa kumi na moja kazini, shemeji yake, mume wa yule mdogo wake, alikuja na wazo la kufuga samaki. Alikuwa amechoka kufanya vibarua vya watu. Alitaka kuweka vizimba vya nyavu kwenye kona ya mto, ajaze vifaranga vya perege, awalishe mpaka wakue. Kabla ya kukata hata mti mmoja wa kushikilia vizimba, alikuja kwa Bi Nyuzi, akakaa kwenye kiti kilichotazamana na kile cheti, akauliza kwa heshima.

"Shemeji, wewe ndiye unayepima. Maji ya pale yanafaa?"

"Weka," alisema Bi Nyuzi. "Maji yale nayajua kuliko ninavyoujua mkoba wangu."

Akaweka. Na kweli, miaka ya mwanzo perege walinenepa kwa ule uvuguvugu hata watu wakaanza kusema shemeji ana dawa. Wengine wanne wakamfuata na vizimba vyao. Kisha ukaja mtambo wa tatu. Maji yaliyovutwa yakawa mengi zaidi, yaliyorudi yakawa moto zaidi, na kwenye vitabu vya Bi Nyuzi tarakimu zikapanda: thelathini na nne, thelathini na nne na nusu, siku za kiangazi thelathini na nne na nukta nane. Aliziona zikipanda. Lakini thelathini na tano hazikufika, na kwake yeye jambo ambalo halijafika thelathini na tano lilikuwa halijatokea.

Kule konani lilikuwa likitokea. Maji yakipata joto, hewa iliyomo ndani yake huyakimbia, na samaki naye akipata joto mwili wake hudai hewa zaidi. Kwa hiyo anapunjwa huku na huku. Perege wa shemeji walianza kupanda juu saa za mchana na kukaa hapo wakiachama, matamvua yakienda mbio. Nyavu zikaota utelezi wa kijani. Majike yakabeba mayai mdomoni, kama ilivyo desturi yao, halafu yakayatema kabla ya kuangua. Asubuhi shemeji alikuwa akiokota wafu kwa beseni. Aliyenawiri ni kambare peke yake, ambaye hewa ikimpungukia majini hutoa kichwa akavuta ya juu, naye alizungukazunguka nje ya vizimba akingoja maiti za wenzake.

"Shemeji, yale maji yanachoma," mwanamume yule alimwambia siku moja, amesimama mlangoni, hata viatu hajavua. "Nimetia mkono nikautoa."

"Mkono si kipimajoto."

"Najua. Lakini ni mkono wangu."

"Basi nenda kaupime," alisema Bi Nyuzi. Alikuwa amechoka siku ile, goti limevimba, lakini uchovu si kisingizio, na yeye mwenyewe alijua. Mdogo wake, aliyekuwa jikoni akiosha vyombo, aliviacha vikagongana kwa makusudi. Wiki tatu hakuna aliyempigia Bi Nyuzi simu.

Wenye vizimba watano wakaandika malalamiko kwa ofisi ya mazingira. Ofisi ikajibu kwamba itasikiliza pande zote, tarehe fulani, ukumbini. Msimamizi wa mitambo, kijana mnene mwenye kucheka haraka, alimwita Bi Nyuzi akamwambia atayarishe vitabu vyake vyote kumi na tisa. Alisema vitabu vile vitamaliza maneno kabla chai haijaletwa: samaki wamekufa kwa sababu wamesongamana vizimbani, na vizimba vitaamriwa viondolewe mtoni. "Usiwe na wasiwasi, mama. Maji ya moto hayachomi nyumba."

Mimi huwa najiuliza aliyetunga methali hiyo kama aliwauliza samaki.

Zikiwa zimebaki siku kumi, goti lilimgomea Bi Nyuzi. Alifika getini na ndoo yake akashindwa kwenda mbele, akakaa kwenye benchi la mlinzi. Mlinzi alifurahi kupata wa kuzungumza naye. Alimsimulia habari za binti yake anayeolewa, na za mkwe mtarajiwa asiyesalimia watu, na ilipita karibu saa nzima kabla Bi Nyuzi hajajikokota mpaka ofisini. Akatumbukiza kipimajoto. Akahesabu. Akasoma thelathini na moja.

Alisoma tena. Mitambo yote mitatu ilikuwa ikinguruma nyuma ya ukuta, hakuna uliozimwa. Jana yake ilikuwa thelathini na nne na nusu. Aliketi akaitazama ndoo, na ndoo ikakaa kimya na maji yake. Hakuandika kitu. Ilikuwa mara ya kwanza kitabu kile kuachwa mstari mtupu.

Kesho yake alichota, akapanda, akapima kama kawaida: thelathini na nne na nusu. Hakumwaga. Akapima tena baada ya dakika kumi. Thelathini na tatu na robo tatu. Baada ya dakika kumi nyingine, thelathini na tatu. Akajilazimisha kufikiri taratibu, kama mtu anayeshuka ngazi gizani. Ikiwa yanapoa hivi hapa ofisini, ndani ya kuta nne, yamepoa kiasi gani ngazini? Na getini, wakati mlinzi anapamba mwandiko? Na uwanjani kwenye upepo?

Alikiangalia kipimajoto. Akaiangalia karatasi yenye mwandiko wake mwenyewe. Kisha akafungua pingu ya mnyororo, ambayo haikuwa na kufuli wala siku yoyote haijapata kuwa na kufuli, akakifunga kipimajoto kwenye leso, akashuka nacho.

Pale mdomoni mwa mfereji alipiga magoti, akalia kidogo kwa maumivu, akakishusha ndani ya maji yanayokimbia. Akahesabu mpaka mia moja na ishirini. Thelathini na tisa.

Ni wazi watu wengine wangeruka, au wangepiga kelele. Yeye alikaa palepale kwenye zege na aibu ikampanda. Hakuwa mwizi, hakuhongwa, hakughushi hata tarakimu moja. Alikuwa amefanya kazi yake kwa uaminifu mtupu na kazi yenyewe ilikuwa bure. Alikumbuka sauti yake mwenyewe ikisema "Weka", jinsi ilivyotoka na majivuno, na akatamani angalau angekuwa amekula rushwa, maana mwenye kula rushwa huwa ameshiba.

Alimwendea msimamizi siku hiyohiyo. Yule kijana alimsikiliza mpaka mwisho, na safari hii hakucheka. Alikaa akisugua macho.

"Mama, umebakiza miezi mitano."

"Najua."

"Mimi nina mitambo mitatu, na umeme ukikatika nusu saa tu nchi nzima inanitukana. Siku ile utaulizwa vitabu vinasema nini. Utasema vinavyosema. Hakuna atakayekuuliza habari za ndoo. Kwa nini ujikune pasipowasha?"

Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomchosha zaidi Bi Nyuzi. Alirudi nyumbani, akakaa chini ya cheti chake, akainua simu ili ampigie mdogo wake, akairudisha. Akainua tena, akairudisha. Siku tisa zikapita hivyo, kila siku akiona kwamba kesho itakuwa rahisi zaidi.

Ukumbi wa ofisi ya mazingira ulikuwa na viti vya plastiki na feni moja iliyozunguka kwa uvivu. Vitabu kumi na tisa vilipangwa mezani, vya kaki, safi. Ofisa aliyesikiliza alikuwa mwanamke wa makamo mwenye mafua makali, akipenga kila baada ya sentensi mbili na kuomba radhi. Upande mmoja alikaa msimamizi na watu wake. Upande wa pili walikaa wenye vizimba, shemeji mbele yao katika shati lililopigwa pasi, na mdogo wake Bi Nyuzi kando yake, mkoba mapajani, akimtazama dada yake mara moja tu kisha akaangalia feni.

Bi Nyuzi aliambiwa asome. Akasoma mwaka hadi mwaka, mwezi hadi mwezi, na sauti yake haikutetemeka, kwa sababu tarakimu zile alizizoea kuliko majina ya jamaa zake. Hakuna mahali palipofika thelathini na tano. Alipofunga kitabu cha mwisho msimamizi alishusha pumzi. Hakuulizwa habari za ndoo, kama alivyoahidiwa, akaketi.

Ofisa akapenga, akamgeukia shemeji. "Wewe ndiye uliyekuwa wa kwanza kuweka kizimba pale?"

"Ndiyo."

"Chini ya mfereji wa mitambo, ambapo kila mtu anajua maji ni ya moto. Nani alikwambia panafaa?"

Shemeji alikuwa na jibu, na mwenye jibu alikuwa ameketi hatua sita kutoka kwake, goti lake limenyooshwa mbele. Angelisema tu, lingekuwa na manufaa kwake. Mpimaji wa mitambo yenyewe ndiye aliyempa neno. Kesi ingesimama kwa miguu mingine.

"Hakuna aliyeniambia," alisema. "Niliamua mwenyewe."

"Hukuuliza mtu yeyote?"

"Sikuuliza mtu."

"Basi ulifanya uzembe," alisema ofisa bila ukali, akainama kuandika.

"Mimi ndiye niliyemwambia," alisema Bi Nyuzi.

Alikuwa amekwisha kusimama, hakukumbuka ameinukaje. Shemeji alimgeukia, akasema kwa sauti ya chini, "Shemeji, kaa. Yamekwisha."

"Hayajaisha." Akamtazama ofisa. "Alikuja kwangu akaniuliza nikamwambia weka. Na nilichomwambia kilitoka kwenye hivi vitabu, na hivi vitabu vina makosa."

"Mama amechoka," alisema msimamizi akinyanyuka nusu. "Ana maumivu ya mguu."

"Nimechoka, ndiyo. Mguu unauma. Vitabu vina makosa." Na hapo akaeleza yote, bila mapambo: ngazi, geti, daftari la mlinzi, uwanja, mnyororo. Akaeleza thelathini na tisa ya pale mferejini. Alipofika kwenye karatasi ya ukutani aliongeza kwamba mwandiko ni wake.

Ofisa alikuwa ameacha kupenga. "Kwa hiyo ulidanganya?"

"Sikudanganya. Nilipima ndoo. Miaka kumi na tisa nimeipima ndoo, mto sijaupima."

Kisha mdogo wake, ambaye hakuwa ameulizwa neno, akasema kama mtu anayezungumza peke yake, "Dada, hata chai inapoa." Mtu mmoja nyuma akacheka, akakatisha. Hakusema kwa hasira. Ingekuwa afadhali kama angesema kwa hasira.

"Mwaka juzi," aliuliza ofisa, akifungua kitabu kisha akakifunga tena kwa kuona hakina faida, "samaki walipoanza kufa, maji yalikuwa nyuzi ngapi?"

"Sijui."

"Kadiria, mama. Kama ndoo inapoteza nne, ukiongeza nne..."

"Siku nyingine nilisimama na mlinzi, siku nyingine sikusimama. Siku nyingine kulikuwa na upepo. Sijui, mwanangu. Na hakuna anayejua, maana wa kujua nilikuwa mimi."

Ofisa akaandika kwa muda mrefu. Kisha akasoma uamuzi: vitabu vinawekwa kando, havimsaidii yeyote wa upande wowote. Maji yapimwe upya, mdomoni mwa mfereji, mwaka mzima wenye majira yote, kipimajoto kikiwa ndani ya maji, na baada ya hapo malalamiko yasikilizwe. Vizimba visiondolewe kwa amri.

"Mwaka mzima," alisema shemeji. Hakuwa akibishana. Alikuwa akihesabu mabeseni. "Havitangoja amri hivyo. Vitakuwa vitupu kabla ya kiangazi."

Watu wakaanza kuvuta viti. Karani wa ofisa akamwomba Bi Nyuzi abaki atie sahihi maelezo yake, akamsogezea karatasi, akauliza umri, akauliza anapoishi, kalamu ikikimbia.

"Kazi?"

Bi Nyuzi alifungua mdomo kusema alilolisema miaka yote, likakataa kutoka.

"Mbeba maji," alisema.

Karani akainua kichwa akitabasamu, akidhani mama anatania ili kupunguza uzito wa siku. Alimtazama, tabasamu likamwisha, akamgeukia ofisa kuuliza afanyeje.

"Andika alivyosema," alisema ofisa, akatafuta leso yake mfukoni.